Manju wa Santuri: Historia ya Ufundi Mmoja na Majina Yake

Neno santuri lina umri mkubwa kuliko kitu tunachokiita kwa jina hilo. Asili yake ni jina la ala ya nyuzi ipigwayo kwa vijiti viwili vyepesi, ala ijulikanayo sana katika nchi za Uajemi na Iraki. Gramafoni ilipoingia pwani yetu, wenyeji hawakukaa baraza kuitafutia jina jipya. Walichukua jina la ala wakaivisha mashine. Neno kinanda nalo lilipita njia hiyo hiyo: lilianza kwa chombo cha nyuzi cha mkononi, likapanuka likawa ogani na piano, na mwishowe likaifikia hata gramafoni, ikaitwa kinanda cha santuri. Siti binti Saad aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake kwa kampuni ya His Master's Voice, na sahani zile ziliporudi zikauzwa Unguja na pwani nzima, Kiswahili kilizipokea kwa kitenzi kile kile cha ngoma, udi na zeze. Santuri hupigwa.

Tumeanza na jambo hili kwa makusudi. Kwa muda sasa wafasiri na walimu wamekuwa wakituuliza istilahi za muziki wa hip hop, na swali linalorudi mara kwa mara linamhusu yule mtu asimamaye nyuma ya mashine mbili za santuri, mkono mmoja juu ya sahani na mwingine juu ya kichanganyio cha sauti, akatoa mlio ambao haumo katika santuri yoyote kati ya zile mbili. Aitweje? Je, ni mwanamuziki au ni mwendesha mitambo? Si swali la vijana peke yao. Tangu sheria ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania mwaka 2021, watumishi wa Serikali wanaotafsiri sheria zetu hukutana na vifungu ambamo jibu lake lina uzito wa fedha na wa haki. Tutaifikia habari hiyo. Lakini istilahi inayotungwa kabla ya kuijua kazi yenyewe aghalabu hufa kabla wino haujakauka, na kwa hiyo tunaomba tuanze na historia.

Historia hii huanza Bronx, mtaa wa kaskazini wa jiji la New York. Tarehe 11 Agosti 1973, katika ukumbi wa jengo namba 1520, Sedgwick Avenue, kijana mmoja mzaliwa wa Kingston, Jamaika, aliyeitwa Clive Campbell na kujulikana kama Kool Herc, alipiga santuri katika sherehe iliyoandaliwa na dada yake. Herc aliona kwamba wachezaji hawakuusubiri wimbo wote. Walikingoja kipande kifupi tu katikati ya wimbo, pale waimbaji wanaponyamaza na ngoma kubaki peke yake. Basi akawa na santuri mbili za wimbo mmoja, na kipande cha ngoma kilipokwisha katika ya kwanza alikianzisha katika ya pili, akarudi tena kwenye ya kwanza, hata sekunde chache zikawa dakika nyingi. Wimbo uliotungwa uwe na mwanzo na mwisho ukageuzwa duara.

Herc alifanya hivyo kwa kubahatisha mahali pa kutua sindano. Aliyeleta utaratibu ni Joseph Saddler, mzaliwa wa Barbados, ambaye dunia inamjua kama Grandmaster Flash. Yeye alikuwa amesomea umeme. Aliweka alama juu ya santuri kwa chaki ya rangi, akawa anahesabu mizunguko ya kurudisha nyuma kama mtu asomaye mishale ya saa; akatengeneza njia ya kuisikiliza santuri ya pili kwa kisikizi cha masikioni wakati umma unasikiliza ya kwanza. Alikuwa na shida moja: kitambaa cha mpira kilichokuja na mashine kiliishika sahani kwa nguvu, mkono ukiizuia sahani mota nayo inazuiliwa. Mama yake alikuwa mshonaji. Flash alitwaa kitambaa kizito laini, akakipaka wanga, akakipiga pasi hata kikakakamaa, akakikata duara la ukubwa wa santuri. Juu ya kitambaa hicho sahani iliweza kusimama chini ya kidole huku chini yake mota ikiendelea kuzunguka. Tunalitaja jambo hili dogo kwa urefu kwa sababu bila kitambaa kile ufundi wote tunaouzungumzia usingaliwezekana, nacho mpaka leo hakina jina katika Kiswahili.

Mkwaruzo wenyewe unahesabiwa kuwa uvumbuzi wa mtoto. Theodore Livingston, aliyekuja kuitwa Grand Wizzard Theodore, amesimulia kwamba yapata mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, alikuwa akipiga santuri chumbani kwa sauti kubwa. Mama yake akaja mlangoni kumkemea. Mtoto akaizuia sahani kwa mkono ili amsikilize mama, na mkono ukawa unaisukuma mbele na kuirudisha nyuma chini ya sindano. Mama alipoondoka, mtoto alibaki na ule mlio. Aliufanyia mazoezi kwa muda mrefu kabla ya kuutoa mbele za watu.

Hapo pana jambo la lugha. Kwa kila mwenye gramafoni, mkwaruzo ulikuwa ajali na hasara: sahani iliyokwaruzwa ni sahani iliyoharibika, na mtoto aliyeikwaruza alistahili kofi. Wale vijana wa Bronx walikuwa na nafasi ya kuupa mlio wao jina la heshima wakaacha. Waliuita kwa neno lile lile la uharibifu, la kucha na la msumari. Jina likawa na ujeuri ndani yake, na ujeuri huo ni sehemu ya maana. Mfasiri anayetaka kuusafisha kwa neno la adabu zaidi ataondoa nusu ya habari.

Mashine nayo ina historia yake, ambayo tutaipitia kwa haraka. Gramafoni nyingi za majumbani zilizungushwa kwa mkanda, na mkanda ukikwama huvutika na kuchoka. Kampuni ya Matsushita ya Japani ilikuwa imebuni njia ya kuiweka mota moja kwa moja chini ya sahani, na mwaka 1972 ikatoa mashine ya Technics SL-1200, iliyokusudiwa wasikilizaji wa nyumbani wenye uwezo. Mwaka 1979 ilitolewa aina ya pili yenye kitelezi cha kurekebisha kasi. Wahandisi wa Osaka walitaka sahani izunguke bila kutikisika. Hawakufikiria kwamba mtu ataisukuma kinyume kwa mkono usiku kucha. Mashine ilistahimili. Uundaji wake ulisimamishwa mwaka 2010 na kuanzishwa tena mwaka 2016, kwa kuwa wapigaji hawakukubali kuiacha.

Mpaka hapo tumekuwa New York, na historia nyingi za hip hop haziutoki mji huo. Sisi tunaona kwamba kwa kazi ya istilahi sehemu yenye manufaa zaidi ni ile inayofuata, wakati ufundi ulipowafikia watu wa miji midogo ambao hawakupata kuuona kwa macho. Maana mtoto wa Bronx alikiona kitendo ndipo akakisikia kinavyoitwa. Mtoto wa mashambani alisikia mlio tu, kutoka redioni au katika kaseti, asijue umetoka wapi. Kwake jina, kitendo na mlio vilikuwa vitu vitatu vilivyofika kwa nyakati tatu.

Mlio uliosafiri mbali kuliko yote ulikuwa katika wimbo wa Herbie Hancock uitwao Rockit, wa mwaka 1983. Hancock ni mpiga piano mashuhuri wa jazi, lakini sauti iliyowashangaza wasikilizaji haikuwa ya piano. Ilikuwa ya santuri iliyokwaruzwa na kijana aliyejiita GrandMixer D.ST. Mwaka 1984 waliupiga katika hafla ya tuzo za Grammy iliyoonyeshwa katika televisheni ya Marekani, na watazamaji kila pembe ya nchi wakaona kwa mara ya kwanza mkono ukitoa mlio ule. Katika filamu ya taarifa iitwayo Scratch, ya mwaka 2001, mafundi wa kizazi kilichofuata, miongoni mwao QBert na Mix Master Mike wa upande wa San Francisco, wanautaja wimbo huo kuwa ndio uliowaita. Kabla yake palikuwa na filamu ya Wild Style ya mwaka 1983, ambamo Grandmaster Flash anaonekana akipiga santuri jikoni. Filamu ile ilikuwa shule. Mtu aliyeipata katika kanda ya video aliweza kuirudisha nyuma na kuangalia vidole.

Tuchukue mfano wa mtu mmoja. Davis ni mji mdogo wa jimbo la California, katika bonde la mto Sacramento, kiasi cha kilomita 110 kaskazini mashariki ya San Francisco. Ulianza mwaka 1868 kama kituo cha reli kati ya mashamba, na chuo kikuu chake kilianza kama shamba la mafunzo ya kilimo. Hadi sasa ukitoka mjini kidogo tu unaingia katika mashamba ya nyanya na mpunga. Huko ndiko alikokulia Joshua Davis, aliyezaliwa mwaka 1972, ambaye kufanana kwa jina lake na la mji ni sadfa tu. Wapenzi wa muziki wanamjua kama DJ Shadow.

Mwaka 1982, akiwa mtoto wa miaka kama kumi, alisikia redioni wimbo wa The Message wa Grandmaster Flash and the Furious Five. Hapakuwa na ukumbi wa hip hop Davis, wala mzee wa kazi wa kumketisha karibu. Palikuwa na redio, kaseti, na maduka ya santuri kuukuu. Akiwa shuleni alipata kinasa sauti cha njia nne, yaani chombo kinachoweza kurekodi sauti nne moja baada ya nyingine juu ya kanda moja, na kwa chombo hicho mtu mmoja aliye peke yake huweza kuwa bendi. Baadaye akasoma katika chuo kikuu cha hapo hapo mjini na akapiga santuri katika redio ya wanafunzi, KDVS. Huko ndiko walikokutana vijana walioanzisha kundi la Solesides, na mwaka 1993 wakatoa santuri yao ya kwanza.

Hebu tulinganishe. Mpigaji wa Bronx alikuwa na umma mbele yake. Akikosea, wachezaji husimama. Akipatia, hupiga kelele. Ufundi wake ulikuwa ufundi wa papo kwa papo, na santuri zake zilikuwa zile zilizowachezesha watu. Kijana wa Davis hakuwa na umma, lakini alikuwa na muda. Alishinda katika chumba cha chini ya ardhi cha duka moja la santuri kuukuu mjini Sacramento, kiasi cha kilomita ishirini na tano kutoka kwao, kati ya marundo yaliyofika darini ya sahani ambazo hakuna aliyezitaka tena. Filamu tuliyoitaja inamwonyesha ameketi humo. Alitafuta santuri zisizojulikana: bendi za shule, wahubiri, nyimbo zilizotolewa mara moja na kusahauliwa. Kutoka humo alikata vipande vifupi vya sauti, ngoma hapa, kinanda pale, pumzi ya mtu kwingine, akavipanga upya.

Matokeo yalikuwa albamu ya Endtroducing....., iliyotolewa mwaka 1996 na kampuni ya Mo' Wax ya London. Vyombo vyake vikuu vilikuwa mashine ya santuri pamoja na mashine ya AKAI MPC60, ambayo hunasa vipande vya sauti na kuvitoa kwa kubonyeza vitufe. Kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kiliitambua kuwa albamu ya kwanza iliyotengenezwa kwa vipande vya santuri nyingine tupu. Picha ya jalada inaonyesha watu wakipekua santuri katika duka la Sacramento. Mwenye albamu hayumo pichani.

Sasa msomaji makini atauliza: huyu ni mpigaji, au ni mtungaji anayetumia santuri kama karatasi? Swali hilo walijiuliza wenyewe wenye kazi. Jina la dijei lilikuwa limebeba mizigo mingi mno. Mtangazaji wa redio alikuwa dijei. Mpiga muziki wa harusi alikuwa dijei. Flash alikuwa dijei. Na kijana wa Davis vilevile. Mashindano ya dunia ya DMC, yaliyoanza mwaka 1985 kama mashindano ya kuunganisha nyimbo vizuri, yalibadilika mwaka 1986 DJ Cheese alipoleta mkwaruzo jukwaani, na toka hapo washindani wakawa wanapiga santuri kama mtu apigavyo fidla. Mwaka 1995 DJ Babu, kijana wa mji wa Oxnard, California, alianza kutumia jina jipya lililoundwa kwa kuchukua jina la kizungushio cha santuri na kukipachika mwishoni kile kiambishi ambacho Kiingereza huwapa wapiga piano na wapiga gitaa. Kwa kiambishi kimoja alikuwa anadai kwamba mashine ile ni ala. Waingereza na Wamarekani walihitaji kudai hivyo, kwa sababu katika lugha yao gramafoni haikupata kuwa ala. Ilikuwa samani yenye sauti.

Katika Kiswahili dai hilo lilikwisha kutolewa kabla ya Herc kuzaliwa. Santuri ilipokewa kwa jina la ala, ikapewa kitenzi cha ala. Hii ni akiba, nasi tunaona ni hasara kuiacha na kuandika jina la kigeni kwa tahajia yetu.

Hata hivyo akiba hiyo ina kasoro. Kwa kuwa santuri hupigwa, basi mtu yeyote aiwekaye sahani juu ya mashine na kwenda zake naye anapiga santuri. Istilahi ya mpiga santuri, au mcheza santuri kama magazeti mengi yanavyoandika, inamtosha dijei kwa maana pana: wa redio, wa harusi na wa disko. Haitoshi kumtenga yule ambaye mkono wake ndio unaotunga. Katika mazungumzo yetu na walimu lilitajwa neno fundi, na lina uzuri wake, kwa maana katika taarabu na ngoma za pwani fundi ni mjuzi wa muziki mwenye kuheshimiwa. Tatizo ni kwamba fundi redio hutengeneza redio. Mtu akibandika kibao cha fundi santuri mlangoni pake ataletewa gramafoni mbovu tangu asubuhi.

Sisi tunaelekea kwenye neno manju. Manju ni mjuzi wa ngoma, mtungaji na kiongozi wa nyimbo zake. Ni yeye ajuaye wakati wa kuupandisha mdundo na wakati wa kuushusha, na umma humfuata. Sifa hizo ndizo alizokuwa nazo Herc ukumbini. Manju wa santuri, basi, awe yule anayeitumia santuri kama ala ya kutungia. Pingamizi moja lina nguvu: manju huimba, na huyu wetu aghalabu hafumbui kinywa. Jibu letu ni kwamba manju hatambulikani kwa sauti yake tu bali kwa kutunga na kuongoza. Pingamizi la pili linatoka Davis. Kijana aliye peke yake na kinasa sauti chake humwongoza nani? Ndiyo maana tunapendekeza fasili ya neno isiwataje wachezaji wala ukumbi. Itaje santuri, mkono na utungaji basi. Fasili iliyofungwa kwenye dansi ingewafungia nje wote walioupata ufundi huu mbali na miji mikubwa, na hao ni wengi.

Uzito wa fedha na haki tulioutaja mwanzo ni huu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua, katika upande wa hakishiriki, watendaji wa kazi za sanaa, watayarishaji wa rekodi za sauti na mashirika ya utangazaji. Neno hakishiriki lenyewe ni mfano mwema wa istilahi iliyokubalika. Ikiwa mfasiri atamwita mtu wetu mwendesha mitambo, amemtoa katika kundi la watendaji kwa neno moja. Akimwita manju, amemwacha mlangoni, aingie au asiingie kwa hoja. Upande wa pili wa jambo hilo ni mwenye santuri iliyokatwa vipande. Mwezi Desemba 1991 mahakama ya New York iliamua kinyume cha msanii Biz Markie, aliyetumia kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila ruhusa, na tangu hapo kukata vipande kukawa kazi ya wanasheria pia. Kiswahili kinahitaji istilahi ya kipande cha namna hiyo. Kidondoo kimependekezwa; tunakiunga mkono, maana kudondoa ni kuchukua kidogo kutoka katika kingi, kama ndege adondoavyo, na neno lenyewe halimhukumu mwenye kudondoa.

Forodhani nako kuna swali kama hilo. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ambao nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinautumia, vizungushio vya santuri vimo katika sura ya 85 pamoja na vyombo vingine vya kunasa na kutoa sauti, na ala za muziki zimo katika sura ya 92. Istilahi yetu haiwezi kuhamisha bidhaa kutoka sura moja hadi nyingine, wala haikusudiwi hivyo. Ndiyo sababu tunapendekeza kizungushio liwe jina la mashine, lisilo na madai, na ule uala ukae katika jina la mtu.

Yabaki majina ya mikwaruzo, ambayo yamewapa wafasiri taabu kubwa kwa kuwa yana asili tatu tofauti. QBert alieneza mkwaruzo ambao vidole hukigonga kitelezi kimoja baada ya kingine, kwa haraka, kama miguu ya kaa; huu ufasiriwe, uitwe mkwaruzo wa kaa, na mtoto yeyote wa pwani atauelewa kabla hajaonyeshwa. Mwingine umepewa jina la mtu, DJ Flare; jina la mtu halifasiriwi. Wa tatu, ulioenezwa na wapigaji wa Philadelphia kama Cash Money na Jazzy Jeff katika miaka ya 1980, uliitwa kwa jina la filamu ya vikatuni vya roboti wanaojigeuza magari, kwa sababu sauti hukatwakatwa kama sauti ya roboti wale. Hapa tafsiri ya neno kwa neno ingeleta mkwaruzo wa transfoma, na msomaji angedhani ni habari za TANESCO. Tunashauri mkwaruzo wa kukatakata, unaoeleza kitendo.

Kitenzi chenyewe kimezua ubishi. Baadhi ya walimu wa pwani wanapenda kukuna, kwa kuwa mkono wa mpigaji huenda na kurudi kama wa mtu aliyeketi juu ya mbuzi akikuna nazi, na mlio unakaribiana. Ni taswira nzuri, tena ya nyumbani. Lakini kukuna nazi ni kazi halali, hakuna aliyewahi kukemewa kwayo. Mtoto Theodore alikemewa. Tunashikilia kukwaruza. Vijana wataendelea kusema skrachi, nasi hatuna askari wa kuwazuia, wala hatumtaki.

Tukumbuke vilevile kwamba kwetu ufundi huu ulikuta santuri inaondoka. Santuri nyingi za bendi za Tanzania zilikuwa zikifyatuliwa Nairobi, na hip hop ilipofika, kuelekea mwisho wa miaka ya 1980, ilifika ndani ya kaseti. Kaseti haikwaruziki. Kwa hiyo kilichoota mizizi kwanza kilikuwa maneno: mwaka 1991 Saleh Jabir alikuwa akighani kwa Kiswahili juu ya midundo ya Kimarekani, na uchache wa wapigaji wa mkono ukabaki hivyo miaka mingi. Programu za kompyuta zilizoanza kuuzwa mwanzoni mwa karne hii, ambazo humwezesha mpigaji kuushika kwa mkono wimbo uliohifadhiwa katika kompyuta kana kwamba uko katika sahani, zimewafikia vijana ambao hawakupata kushika santuri yenye wimbo ndani yake. Wanalo neno, wanacho kitendo. Sahani iliyo chini ya kidole haina wimbo. Walimu wanaotuuliza kama santuri bado ni jina sahihi kwa sahani hiyo tunawajibu ndiyo, kwa sababu neno hili limekwisha kuhama mara moja, kutoka nyuzi hadi sahani, na halikuvunjika.

Kinachosalia ni kile kitambaa cha Flash. Kitambaa cha kutelezea kinaeleza matumizi, lakini ni kirefu mno kwa kitu kinachotajwa kila mara. Kitelezeo ni kifupi, ila kinagongana na kitelezi cha kichanganyio, na watu wawili wakisemezana kwa haraka katika kelele za muziki hawatasikilizana. Huenda washonaji au wafuma mikeka wana jina la kipande cha duara kinachowekwa chini ya kitu ili kisishike. Wasomaji walio karibu na mafundi hao wanaombwa wawaulize, watuandikie kabla ya kikao kijacho cha kamati ya istilahi za sanaa.